Mama, Kioo cha Jengo la Kumi na Moja Kimevunjika Mara Tatu

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu moyo wako ulipogoma, Jumanne saa nne asubuhi, ukiwa umevaa buti moja na la pili umelishika mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha na ulikuwa unatoka kwenda kutazama majengo yako. Baba alikuambia ungoje ipungue kidogo. Ukamjibu, "Ikipungua nitakuwa nimechelewa." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho, na mwaka mzima tuliyachukulia kuwa maneno ya kawaida ya mtu mwenye haraka.

Tulikuwa tumepanga tangazo fupi: picha yako ile ya kofia ya kazi, mistari michache ya shukrani, basi. Lakini Jumamosi iliyopita lilitokea jambo, na sasa tunakuandikia roho zikiwa mkononi. Wanaosoma gazeti hili wanaruhusiwa kutusikiliza tukizungumza nawe. Wanaoishi Jengo la Kumi na Moja tunawaomba wasome mpaka mwisho.

Anayeandika ni mimi, kifungua mimba wako, yule uliyesema anazungumza kuliko redio. Baba ameketi upande wa pili wa meza. Mdogo wangu amesimama mlangoni, hataki kukaa. Mama Mdogo, mdogo wako wa pekee, ananikatiza kila baada ya mstari.

Wengi waliokuja kukuzika walikusifu kwa ujasiri. Mwenyekiti wa wapangaji alisema ulikuwa simba. Sisi wa nyumbani tuliinamisha vichwa tusije tukacheka msibani, maana simba gani huyo anayeogopa lifti, roshani, mapipa ya maji juu ya paa, na ukumbi wowote wenye nguzo chache? Kwenye harusi watu walimtazama bibi arusi, wewe ulitazama dari. Siku tulipokwenda kujitambulisha kwa wakwe zangu, kabla hata hujakaribishwa kiti, uligonga ukuta wao wa sebuleni kwa vidole, ukatega sikio, ukamwambia baba mkwe, "Hapa ndani pana maji, kaka yangu." Mpaka leo anakuita Bi Gongagonga. Maji yalikuwemo kweli, bomba lilikuwa limepasuka.

Ulikuwa mwoga, Mama, na hukuona haya. Tulipokuwa wadogo tulikuonea aibu kidogo. Sasa tunaona kwamba uoga wako ulikuwa nusu ya kazi yako, na tunatamani ungeturithisha zaidi.

Ulipokabidhiwa Idara ya Nyumba za Umma, jiji lilikuwa limefurika. Watu saba waliishi chumba kimoja na pazia katikati. Wengine walipokezana kitanda, huyu akitoka kazini yule anaingia. Orodha ya wanaosubiri nyumba ilijaza makabati matatu, na waliokutangulia walikuwa wameyafunga kwa kufuli na kuyapa kisogo. Wewe uliyafungua. Uliagiza kila jina lisomwe kwa sauti, mbele ya wafanyakazi wote, siku tano mfululizo, mpaka makarani wakapokezana kwa kukaukiwa na koo. Ulisema hutaki mtu wa idara yako aseme hajui ni nani anayemjengea.

Kwa miaka kumi na minane ulisimamisha majengo kumi na moja. Vikao ulivifanya wima, kwenye vumbi, karibu na mashine ya kuchanganyia zege, ili asiwepo wa kurefusha maneno. Wakubwa waliotaka nyumba za ndugu zao uliwaonyesha foleni ilipoishia. Mama Mdogo mwenyewe, fundi cherehani, watoto watatu na chumba kimoja cha kupanga, alisubiri miaka kumi na minne kama watu wengine. Alikununia miwili kati ya hiyo.

Na ulikuwa na ile sheria yako ya wiki mbili. Kila jengo lilipokamilika, kabla mwananchi hajapewa ufunguo, wewe na wakuu wote wa idara mlihamia humo wiki mbili, pamoja na familia zenu, vyombo vyenu na watoto wenu wanaolia. Mkuu mmoja alisingizia mgongo. Ulimwambia, "Wewe unaogopa kulala humu, halafu unataka mimi nimpe mtu mwingine ufunguo?" Alihamia siku hiyo hiyo na godoro lake kichwani. Sisi watoto wako tulihama mara nyingi mpaka mwalimu wangu akauliza kama wazazi wangu wanakimbia kitu. Mwisho tukatua Jengo la Pili, mlango namba kumi na saba, nyumba ile ile ya vyumba viwili wanayopewa wote, na nyumba ya serikali yenye bustani ukaikataa. Hapo ndipo tunapoandikia leo.

Sasa tuje kwenye Jengo la Kumi na Moja. Mdogo wangu ananiambia nisiandike sehemu hii. Baba ananiambia niandike yote.

Jengo hilo lilichorwa la ghorofa tano, nyumba nane kila ghorofa, familia arobaini. Ghorofa ya tano ilipokuwa inamaliziwa, watu wa namba arobaini na moja mpaka arobaini na nane kwenye orodha walibomolewa vyumba vyao ili barabara ipite. Walikuja ofisini kwako na magodoro yao, wakakaa nje ya dirisha lako kwenye mvua, kimya, siku ya kwanza na ya pili na ya tatu. Siku ya nne uliagiza iongezwe ghorofa ya sita.

Ulipiga hesabu mwenyewe, mara mbili, na zikakubali. Kona ya magharibi ndiyo uliyoitilia shaka, kwa sababu chini yake palikuwa na shimo la zamani lililojazwa kifusi kabla hujaingia idarani. Uliimarisha msingi wa upande huo, ukaongeza nondo, ukatuhamishia humo kwa wiki zako mbili. Tulilala salama. Ulikuwa wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na ngumu, na hapo ndipo sote tulipokosea.

Namba arobaini na nne ilikuwa ya Mama Mdogo.

Hakuwa miongoni mwa waliokaa na magodoro, alikuwa kazini kwake akishona sare za shule. Anaapa hakukuomba. "Dada alinikataza nisimtamkie habari ya nyumba," anasema, "na sikumtamkia. Andika hivyo." Nimeandika. Lakini sote mezani hapa tumejiuliza kama ulipochungulia dirishani uliona watu saba wenye magodoro tu, au uliona na nafasi tupu ya mdogo wako. Tunaogopa jibu, na wewe haupo wa kulitoa. Tukikudhania vibaya utusamehe.

Wasiokujua hawataelewa habari ya kioo, kwa hiyo nieleze. Palipokuwa na ufa usiouamini, ulichukua kipande chembamba cha kioo cha dirisha, kirefu kama kidole, ukakibandika kwa saruji juu ya ufa, ncha huku na ncha kule, ukaandika tarehe. Ufa wa plasta tu haukifanyi kitu. Ukuta ukisogea, hata kwa unene wa karatasi, kioo hupasuka, maana kioo hakijui kunyumbuka. Jikoni kwetu ulibandika kimoja, kina miaka saba, kizima. Tulizoea kukuuliza kama kimeamka vizuri.

Katika Jengo la Kumi na Moja ulibandika kimoja, chini ya ngazi, kona ya magharibi. Ulimpa msaidizi wako kazi ya kukitazama kila Jumatatu. Ulipofariki, haukupita muda akahamishiwa idara ya barabara, na aliyekuja baada yake hakuambiwa. Hivyo kioo kikabaki hakina mwenyewe.

Kikapata mwenyewe mwingine. Mama Mdogo alikuwa akishuka kila asubuhi kufagia ngazi, ingawa zamu si yake, na alipoona mwandiko wako pale ukutani alilia. Hakujua kazi ya kile kioo. Aliona tarehe kwa mkono wa dada yake, akakifanya ukumbusho. Alikifuta vumbi kila siku kwa kitambaa chake cha cherehani. Na siku alipokikuta kimepasuka, aliona kama kaburi lako limevunjwa. Akaenda kwa fundi vioo, akakata kingine cha kipimo kile kile, akakibandika kwa saruji vizuri kabisa, akaiandika upya tarehe yako akiiga mwandiko wako.

Jumamosi iliyopita, mchana, tulikuwa mezani hapa tunachagua picha ya tangazo. Mama Mdogo akasema, kama mtu anayetoa habari njema, "Na kile kioo cha dada nakitunza, msiwe na wasiwasi. Kikivunjika naweka kingine."

Baba aliweka kikombe chini. Yeye ni fundi saa, si mtu wa kupaza sauti.

"Kimevunjika mara ngapi, shemeji?"

"Mara tatu."

"Lini?"

"Ya kwanza zile mvua ndogo. Ya pili mwezi uliopita. Ya tatu Jumatano hii."

"Nani alikivunja?"

"Si watoto na mpira wao! Nimewagombeza mpaka wananikimbia. Hata fundi vioo kaniuliza, 'Mteja wangu, hiki kioo mnakigonga na nini?'"

Baba alinyanyuka bila kumaliza chai. Ndipo Mama Mdogo alipotutazama usoni, mmoja mmoja, akaanza kuelewa. Alijishika kichwa akasema, "Nimefanya nini mimi?" Tumemwambia mara mia kwamba hakufanya kitu ila kukupenda. Hasikii. Wewe ungejua namna ya kumwambia.

Tulikwenda wote siku ile ile. Kioo cha nne, alichokibandika Alhamisi, kilikuwa bado kizima, lakini ufa ulikuwa umepita nyuma yake na kupanda mpaka dirisha la ghorofa ya kwanza. Ukucha wangu uliingia. Seremala wa mtaani alitusimulia, huku akicheka, kwamba biashara upande wa magharibi imemnyookea: tangu mwezi uliopita amepiga randa milango minne iliyogoma kufunga. Alisema mbao zimevimba kwa mvua. Baba akamuuliza kuhusu mlango wa tano wa upande huo, ambao hakuugusa. Seremala akaacha kucheka. Huo ni wa chuma, na nao haufungi.

Mama, niliweka kiganja ukutani pale pale kwenye ngazi. Watoto walikuwa wanacheza juu yetu, wanaruka ngazi mbili mbili, na kila kishindo nilikisikia kiganjani.

Jumatatu mdogo wangu, ambaye ni karani wa masjala katika idara yako ile ile, alilitafuta faili. Lilikuwa mahali pake, limefungwa kwa utepe. Ukurasa wa mwisho una mwandiko wako: "Kona ya magharibi. Ghorofa ya sita nimeikubali mimi, si mwingine. Kioo kikivunjika mara moja, niitwe. Kikivunjika mara ya pili, watu watoke kwanza, maswali baadaye."

Alimpelekea mkuu mpya. Hatutaki kumsema vibaya, si mtu mbaya. Alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema mkaguzi atakuja mwezi ujao. Mdogo wangu akamwambia mwezi ujao ni mbali. Mkuu akamwuliza, "Familia arobaini na nane nikizitoa leo, nitaziweka wapi? Jiji hili lina wapi?" Kisha akaongeza: "Na umefikiria kwamba jina litakalochafuka ni la mama yako? Yeye ndiye aliyesaini." Alimshauri alirudishe faili mahali pake. Sasa mdogo wangu anajua unga wake unaweza kumwagika wakati wowote, na ana mtoto wa miezi mitano.

Maneno hayo ya mkuu tulikuja nayo nyumbani tukakaa nayo usiku mzima. Kuna shule iliyopewa jina lako. Kuna watu wanaokuombea kila wakizungusha ufunguo mlangoni. Tutawaambia nini, kwamba yule waliyemlilia aliwapa nyumba juu ya shimo? Mimi, mwanao, nilisema tungoje mkaguzi. Naliandika hapa ili lisije likasemwa na mtu mwingine. Nilisema tungoje, kwa sababu niliogopa watu wakutukane. Baba hakunigombeza. Alikwenda jikoni, akagonga ukuta mara mbili kwa vidole kama ulivyokuwa ukifanya, akarudi akasema, "Mama yenu aliogopa majengo. Hakuwahi kuogopa kusemwa." Nikaona haya.

Jumanne tulikwenda kugonga mlango kwa mlango katika Jengo la Kumi na Moja. Tulidhani kazi ngumu itakuwa kuwatuliza watu. Hawakushtuka hata kidogo. Mzee mmoja wa ghorofa ya pili alitusikiliza kwa adabu zote, akatuonyesha vyumba vyake viwili, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeonyesha wajukuu. "Mwanangu," akaniambia, "nimekaa miaka kumi na mitatu kwenye chumba ambacho nikikohoa jirani anasema pole. Nikitoka hapa, nikageuza mgongo, nani ananihakikishia nitarudi?" Mama mmoja alifunga mlango, akasema sisi tumetumwa na wakubwa wanaozitaka nyumba zao. Wanaogopa kurudi walikotoka kuliko wanavyouogopa ukuta, na hatuwezi kuwalaumu. Katika milango arobaini na nane zilitoka familia mbili tu.

Ndipo Mama Mdogo aliposema tuandike. "Mimi na wewe hawatuamini," aliniambia. "Watamwamini aliyewapa ufunguo. Liweke jina la dada, iweke picha ya dada, na useme yote, hata la namba yangu. Ukificha kimoja watajua umeficha na vingine."

Kwa hiyo, Mama, tumesema yote. Hatukukuvunjia heshima, tumeyasoma maandishi yako ya kwenye faili kwa sauti, maana ofisini hapakuwa na wa kuyasoma hivyo.

Na ninyi wa Jengo la Kumi na Moja, ambao Mama aliyajua majina yenu kabla ya sura zenu, tunawaambia hivi. Hamtarudi mlikotoka. Baba amepita nyumba zote za Jengo la Pili na la Tatu kwa miguu yake mibovu, na mpaka jana jioni nyumba arobaini na tatu zimekubali kupokea familia moja moja, na mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani amefungua madarasa matatu kwa watakaobaki. Orodha ya nani anakwenda wapi imebandikwa kwenye mlango wetu, namba kumi na saba. Ufunguo wako utakaa nao mwenyewe, mfukoni mwako, asiuchukue mtu. Mdogo wangu ameandika nakala ya majina yote arobaini na nane na namba za nyumba, na tumeichapisha chini ya tangazo hili, ili mtu yeyote asije akasema kesho hamkuwahi kukaa humo. Tokeni upande wa mashariki, msitumie ngazi ya magharibi. Vyombo vitafuata.

Huenda Mama alikosea tena. Huenda jengo lile litasimama miaka mia, na mkaguzi atakuja na vipimo vyake aseme ni plasta tu, na mtaa mzima utucheke, mdogo wangu apoteze kazi bure na jina la Mama liwe la kutaniwa sokoni. Tunaomba Mungu iwe hivyo. Hatujawahi kutamani kuchekwa namna hii maishani mwetu.

Mama, unakumbukwa na mumeo, fundi saa, ambaye hajaondoa mabuti yako mlangoni. Unakumbukwa na mimi binti yako, ninayeomba radhi kwa ile siku niliyosema tungoje. Unakumbukwa na mwanao karani, aliyelibeba faili lako kifuani chini ya shati. Unakumbukwa na mkweo, na wajukuu wako wanne, mmoja hukumwona. Na unakumbukwa na mdogo wako, fundi cherehani, namba arobaini na nne, ghorofa ya sita. Watoto wake wako kwetu tangu Jumamosi, lakini yeye tumemsihi, tumemlilia, Baba amempigia magoti, amekataa kutoka. Anasema hatashuka mpaka jirani wa mwisho ashuke. Kila tukimaliza kula anapanda tena. Leo, tangu asubuhi, anagonga milango na gazeti hili mkononi, kuanzia ghorofa ya sita kwenda chini. Jirani unayesoma, mlango unaogongwa sasa ni wako.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazopewa. Jirani, kunja gazeti, washike watoto mikono, utoke.